Mashine ya Midundo kwa Mwenye Fedha Kidogo

Tangu Chama cha Muziki cha shule yetu kilipopata ruhusa ya kununua mashine moja ya kutengenezea midundo ya hip-hop, nimeulizwa maswali mengi juu ya jambo hili. Mengine nimeulizwa na wanafunzi wenzangu, mengine na walimu, na moja na mzazi aliyekuja kumtazama mwanawe, akataka kujua kama mashine hiyo ni redio au ni kompyuta. Swali la mzazi yule lilikuwa bora kuliko yetu yote, na sababu yake itaonekana hapa chini. Mhariri ameniomba niandike machache ili kila mmoja asome badala ya kunisimamisha njiani kwenda bwaloni. Mimi si fundi wa muziki. Ni mwanafunzi wa Kidato cha Sita, nasoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Lakini nimepata kupoteza fedha za baba yangu katika jambo hili hili, na nadhani hiyo ndiyo sababu nimechaguliwa.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilimwomba baba fedha za kununua chombo cha midundo. Baba ni mkulima wa kahawa huko kwetu Mbinga, na mwaka ule mavuno hayakuwa mabaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza neno moja tu: "Chombo hicho ukikiwasha, kitasema?"

Nikamjibu, "Ndiyo, baba, kitasema."

Akanihesabia shilingi 280,000.

Wakati wa likizo nilifuatana na mjomba hadi Dar es Salaam. Katika duka moja niliona chombo cheusi, chepesi, chenye padi 16 za mpira zilizopangwa nne kwa nne, nazo zikiguswa huwaka taa nyekundu. Katika kila picha niliyopata kuona ya watengenezaji wa midundo wa Marekani kulikuwa na padi 16 kama zile. Muuzaji alichomeka waya, taa zikawaka, akasema, "Ndiyo hii hii wanayotumia wakubwa." Sikuuliza la pili. Nilikuwa nimekwisha kulipa kabla mjomba hajamaliza kufuta miwani yake.

Siku ya Krismasi wazee wa jirani walikuwa kwetu. Baba akaniambia, "Mwanangu, lete kile chombo wazee wasikie." Nilikileta, nikakichomeka katika chaja ya simu, nazo taa zikawaka vizuri sana. Nikapiga padi ya kwanza. Kimya. Nikapiga ya pili, na ya tatu, na zote 16. Hapakuwa na sauti ila ya vidole vyangu juu ya mpira. Mzee mmoja, kwa upole, akasema labda umeme ulikuwa mdogo. Baba hakusema neno. Jioni alikifunga katika kitambaa akakiweka juu ya kabati, na huko kikakaa.

Baada ya sikukuu nilikipeleka kwa fundi wa redio sokoni nikiamini kuwa kimeharibika. Yeye alikigeuza, akasoma maandishi ya chini yake, akakirudisha. "Kijana, hiki ni kizima kabisa," akasema. "Ila hakina sauti ndani yake. Ni kama kibodi ya kompyuta. Ukibonyeza kibodi bila kompyuta, herufi utaziona wapi?"

Basi hapo ndipo somo linapoanza.

Kutengeneza mdundo kwa mashine ni kazi nne. Ya kwanza ni kusikia, yaani kunasa sauti kutoka nje: ngoma, santuri, kengele, hata mtu akikohoa. Ya pili ni kuhifadhi sauti hiyo isipotee. Ya tatu ni kupanga: sauti ipi ilie, lini, na kwa nguvu gani. Ya nne ni kusema, maana yake kutoa sauti hiyo katika spika au katika vipokea sauti vya masikioni. Mashine inayonasa sauti na kuzipanga mafundi huiita sampla. Zipo nyingine ambazo hazinasi kitu, bali zina sauti zao za ngoma tangu kiwandani. Hizo ni mashine za ngoma. Zote mbili hujitegemea.

Chombo changu hakikuwa katika hizo. Kilikuwa kidhibiti, nacho hufanya nusu tu ya kazi ya tatu. Padi inapopigwa, kidhibiti hupeleka habari kwa kompyuta kwamba padi fulani imepigwa, na nguvu ya pigo huandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 127. Lugha ya habari hizo huitwa MIDI, nayo ilianza kutumika mwaka 1983 ili vyombo vya viwanda mbalimbali viweze kuelewana. Lakini habari si sauti. Mtu akikuandikia barua kwamba ngoma imepigwa, hutasikia ngoma katika bahasha.

Tatizo ni kwamba kwa sura mashine na kidhibiti hufanana kama mapacha. Kampuni ya Akai hutengeneza mashine ziitwazo MPC, na pia hutengeneza vidhibiti viitwavyo MPD, vingi vikiwa na padi 16 nne kwa nne. Kampuni ya Native Instruments ya Ujerumani ilitoa chombo kiitwacho Maschine mwaka 2009, na ingawa jina lake ni mashine, hakikuweza kulia bila kompyuta. Ilibidi wanunuzi wangoje mpaka mwaka 2020 ilipotoka Maschine+ inayojitegemea. Kwa hiyo mnunuzi asitazame padi wala taa. Na aombe mambo mawili kabla ya kutoa fedha: chombo kilie mbele yake bila kompyuta dukani, na kinase sauti yake mwenyewe na kumrudishia. Muuzaji akianza kueleza badala ya kubonyeza, afadhali uende duka la pili.

Nisieleweke vibaya. Kidhibiti si kitu kibaya, na bei yake huwa ndogo kwa sababu kazi kubwa imeachiwa kompyuta. Mwenye kompyuta nyumbani pengine hahitaji kununua kingine. Programu ya FL Studio, iliyoanza nchini Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, imetengeneza midundo mingi ya bongo fleva, na aliye nayo aweza kuanza hata kwa kipanya peke yake. Lakini sisi tuko bweni. Simu haziruhusiwi, na chumba cha kompyuta ni cha masomo. Chombo chochote kinachosema "nitafanya kazi ukinipa kompyuta" kwetu ni cha kuwekwa juu ya kabati.

Wapo wenzetu walioona haya kwamba tutanunua kitu kidogo, wakadhani hip-hop yataka mitambo ya fedha nyingi. Kwa ajili yao nitaeleza kidogo jinsi wenye muziki huo walivyoanza. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba namba 1520 la barabara ya Sedgwick, mtaa wa Bronx, mji wa New York, kijana aliyezaliwa Jamaika ajulikanaye kama DJ Kool Herc alipiga muziki katika tafrija ya dada yake. Dada huyo, Cindy, aliiandaa ili apate fedha za kununua nguo mpya za kurudi shule, jambo ambalo wasomaji wa gazeti hili watalielewa upesi. Herc hakuwa na mashine ya midundo. Alikuwa na gramafoni mbili na santuri. Katika miaka ile aligundua kwamba wachezaji hungoja mahali katika wimbo ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma kubaki peke yake, basi akaweka santuri mbili zilizo sawa, ya kwanza ikimaliza kipande kile anaipiga ya pili, na kurudi tena, hata kipande cha sekunde chache kikawa cha dakika nyingi. Hiyo ndiyo sampla ya kwanza, nayo ilikuwa mikono ya mtu.

Mwaka 1980 zilitoka mashine mbili za ngoma zenye bahati tofauti. LM-1 ya Mmarekani Roger Linn ilikuwa na sauti za ngoma halisi zilizonaswa ndani yake, na bei yake ilikuwa karibu dola 5,000. TR-808 ya kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa dola 1,195. Hiyo haikuwa na sauti iliyonaswa hata moja. Iliziunda sauti zake kwa mikondo ya umeme tu, na wanamuziki wengi walisema hazifanani na ngoma. Haikununuliwa sana. Kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 1983, baada ya mashine kama 12,000 hivi. Basi zikaanza kuuzwa rahisi katika maduka ya vitu vilivyotumika, na huko ndiko vijana wasio na fedha walikozikuta. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na wenzake walikuwa wamekwisha kuitumia katika wimbo "Planet Rock", na lile besi lake zito ambalo wakubwa walilikataa limekuwa sauti ya hip-hop hata leo. Siku hizi TR-808 ya asili huuzwa maelfu ya dola, ghali kuliko ilipokuwa mpya. Mwenye kuitaka sauti ile asijisumbue. Kampuni nyingi zimeiiga, na sauti zake hupatikana karibu katika kila chombo cha leo.

Kisha zikaja sampla zenyewe. E-mu SP-1200 ilitoka mwaka 1987, na Akai MPC60, iliyobuniwa pamoja na Roger Linn yule yule, mwaka 1988. Hizi zilikuwa ghali, sikatai: ya kwanza karibu dola 3,000 na ya pili karibu dola 5,000. Lakini tazama ulichopewa kwa fedha hizo. SP-1200 iliweza kunasa sauti kwa sekunde 10 tu, jumla yote!

Wanafunzi wa Fizikia na Hisabati tufanye hesabu hii pamoja. Mashine hunasa sauti kwa kuipima mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa namba. SP-1200 hupima mara 26,040 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 12. Kwa sekunde 10 tunapata 26,040 × 12 × 10, yaani biti 3,124,800. Kila biti 8 ni baiti moja, kwa hiyo ni baiti 390,600. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida leo huzidi hapo mara kadhaa. Na katika nafasi hiyo ndogo mafundi kama Pete Rock walitengeneza nyimbo zinazosikilizwa mpaka leo.

Waliwezaje? Walikuwa na ujanja mmoja ambao naupenda kuliko yote. Santuri kubwa huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, na zile ndogo mara 45. Wao waliipiga santuri ya 33⅓ kwa mwendo wa 45, wakainasa ikiwa inakwenda mbio na sauti nyembamba, kisha ndani ya mashine wakaipunguza mwendo mpaka ikarudi ilivyokuwa. Gawanya 45 kwa 33⅓, jibu ni 1.35. Kwa hiyo katika nafasi ya sekunde 10 walitia muziki wa sekunde 13.5. Bila shaka sauti iliharibika kidogo, ikawa na mikwaruzo kama ya redio ya zamani. Na watu wakaipenda mikwaruzo hiyo hata sasa ziko mashine mpya zenye kitufe maalumu cha kuileta.

Sasa tupime mahitaji yetu. Mdundo wa hip-hop wa kawaida waweza kwenda kwa mapigo 90 kwa dakika. Duru moja ya mapigo manne huchukua 4 × 60 ÷ 90, yaani sekunde 2.67 hivi. Mashine nyingi huigawa duru hiyo katika hatua 16, kila hatua sehemu ya sita ya sekunde. Pigo moja la ngoma halifiki nusu sekunde. Mtu akiwa na ngoma kubwa, ngoma ndogo, toazi, makofi na kipande kimoja cha kinanda cha duru moja, hajamaliza hata sekunde 6. Muuzaji akikusifia mashine yenye saa nyingi za kunasa, jiulize kama unataka kutengeneza mdundo au kunasa mahubiri.

Jambo moja zaidi juu ya hatua 16, kwa kuwa wengi hulalamika kwamba midundo ya mashine ni mikavu. Roger Linn alitia katika mashine zake njia ya kuchelewesha kidogo kila hatua ya pili. Kwa mapigo 90, hatua mbili pamoja huchukua theluthi moja ya sekunde, na zikigawanywa sawasawa hatua ya pili huanza katikati, katika asilimia 50. Ukiisogeza mpaka asilimia 60 hivi, mdundo huanza kutembea kama mtu badala ya askari wa gwaride. Marehemu J Dilla wa Detroit, aliyefariki mwaka 2006, aliendelea mbele zaidi: aghalabu aliacha mapigo yalipoangukia mkono wake, bila mashine kuyasahihisha. MPC3000 yake imewekwa katika jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani Weusi mjini Washington. Ucheleweshaji wa hatua hupatikana hata katika mashine ndogo kabisa, kwa hiyo hapa fedha si kisingizio.

Narudi kwenye chama chetu. Tulikuwa wanachama 31, kila mmoja alitoa shilingi 10,000, na mlezi wetu akaongeza 40,000, jumla 350,000. Fedha hizo nilikabidhiwa mimi pamoja na mtunza hazina, na nakiri kwamba sikulala vizuri. Michango mingine ilikuwa fedha ya sabuni ya mtu.

Mwenzangu mmoja, ambaye ni hodari wa kubishana na ninamheshimu kwa hilo, alitaka tuongeze michango muhula ujao tununue MPC2000XL iliyotumika kutoka Marekani. Ni mashine njema, hapana anayebisha. Nilimpa sababu zangu. Mashine zilizouzwa Marekani kwa kawaida hutazamia umeme wa voti 120, na wetu ni 230. Kwa ukinzani ule ule nguvu huongezeka kwa mraba wa voti. 230 gawanya kwa 120, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, unapata karibu 3.7. Ukiichomeka bila transfoma ya kupunguza umeme itaungua, na transfoma nayo ni gharama. Tena mashine hiyo huhifadhi kazi katika diski laini za zamani, na umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi yote imekwenda. Haina spika. Ongeza nauli ya meli au ndege, na ushuru. Alinijibu kwamba mimi ninaogopa kwa sababu ya kile cha juu ya kabati. Nikamwambia ni kweli.

Tulizitazama nyingine. Roland SP-404, ambayo ya kwanza ilitoka mwaka 2005, ni kipenzi cha watengenezaji wengi wa hip-hop, hutumia betri 6 za kawaida umeme ukikosekana, lakini ile mpya ya mwaka 2021 iliuzwa karibu dola 500. Haikuwa saizi yetu. Korg Volca Sample ya mwaka 2014 ilitupendeza kwa bei na kwa betri zake 6. Nilikuwa karibu kuipigia kura mpaka mlezi wetu aliposoma kitabu cha maelezo akaona kwamba haina njia ya kunasa sauti yenyewe. Sauti huingizwa kutoka katika simu au kompyuta. Katika zile kazi nne, ya kwanza haimo. EP-133 K.O. II ya kampuni ya Teenage Engineering ya Sweden, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 299, hufanya zote nne. Ina maikrofoni na spika yake, hutumia betri 4 ndogo kama za rimoti, na kama tungekuwa na fedha mara mbili na zaidi ndiyo tungeichukua.

Iliyobaki ni ndugu yake mdogo, PO-33 K.O!, iliyotoka mwaka 2018 kwa dola 89. Mtu akiiona mara ya kwanza hucheka. Haina hata kasha. Ni ubao wa umeme mtupu wenye kioo kidogo juu na vitufe vidogo, ukubwa wake kama kikokotoo cha Hisabati. Lakini ina maikrofoni, ina spika, hunasa sekunde 40, huhifadhi betri zikitolewa, hupanga hatua 16, na hutumia betri 2 za rimoti. Sekunde 40 kwa mapigo 90 ni duru 15 kamili, na ni mara nne ya zile za SP-1200. Kasoro zake nilizieleza mbele ya wanachama wote kabla ya kura: spika ni dhaifu, ubao ulio wazi hautaki jasho wala maji, vitufe havitambui nguvu ya pigo, na watu wawili hawawezi kuitumia kwa pamoja. Kura zilikuwa 22 kwa 9. Fedha zilizobaki tulinunua betri, waya wa kuiunganisha na spika kubwa ya ukumbini, na sanduku dogo la bati lililotiwa sponji ndani, kazi ya wanachama wenyewe.

Safari hii mlezi wetu alipokwenda kuichukua nilimwandikia katika karatasi: iwashwe bila waya wowote, anase sauti yake, aisikie. Aliniambia muuzaji alimshangaa mwalimu mzima akisema "moja, mbili, tatu" kwa kidude kama kile, kisha akacheka kidude kilipomjibu.

Sauti ya kwanza tuliyoinasa hapa shuleni ilikuwa kengele yetu, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa chini ya mwembe. Ukiishusha sauti inakuwa kama gongo la kanisa kubwa. Ukiikata fupi ni toazi safi. Ngoma kubwa tuliipata kwa kupiga ndoo tupu ya maji kwa kiganja, na ngoma ndogo ni mfuniko wa dawati. Ule mdundo uliosikika kwenye mahafali, ambao baadhi ya walimu waliuliza tumeununua wapi, haukuwa na kitu kingine zaidi ya hivyo na sauti ya mpishi wetu akisema "Foleni!"

Jumapili ya wazazi baba alikuja. Baada ya kumwamkia na kumpa habari za masomo nilikwenda kuomba sanduku kwa mtunza hazina, nikalifungua mbele yake chini ya mti. Alikitazama chombo kwa muda. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kunasa bila yeye kujua.

"Hiki nacho," akauliza, "kinasema?"

Nikaachia kitufe, nikapiga. Chombo kikasema kwa sauti yake mwenyewe: "Hiki nacho, kinasema?" Nikakipanga mara nne pamoja na ndoo na kengele. Wazazi waliokuwa karibu wakageuka. Baba hakucheka upesi. Alinyosha mkono akabonyeza mwenyewe, akajisikia, akabonyeza tena.

Kisha akaniuliza kama kile cha juu ya kabati ni kibovu kabisa. Nikamweleza alivyosema fundi wa redio, neno ambalo kwa aibu sikupata kumwambia siku zote hizo, kwamba ni kizima ila chataka kompyuta. Akakumbuka kuwa kaka yangu aliye chuo kikuu Iringa amepata kompyuta ya mkononi mwaka huu.

"Nitamwambia mama yako akishushe," akasema.